Burrito za mtaa wa Mission, San Francisco: nimezunguka kote, hapa ndipo ninaporudi

Ukinipa saa moja tu San Francisco, tena nikiwa na njaa ya kweli, nitashuka treni ya BART kituo cha Mtaa wa 24 niende La Taqueria. Ukinipa saa hiyohiyo usiku mkubwa, wakati jiko karibu zote zimeshazimwa, nitakwenda El Farolito, hatua chache kutoka kituo hichohicho. Hilo ndilo jibu langu kwa kila anayeniuliza, na nalitoa mapema maana najua kuna watakaosoma hapa wakiwa tayari kwenye foleni. Wenye nafasi, kaeni niwaeleze nimefikaje huko, kwa sababu Mission mabishano ya burrito hayaishi na kila mtu ana duka lake analolifia.

Kwa asiyeujua, Mission ni mtaa wa San Francisco wenye wakazi wengi wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, na burrito yake ina umbo lake. Tortilla ya ngano, yaani mkate mwembamba kama chapati, pana kushinda sahani, inapashwa kwa mvuke hadi inyumbuke bila kuchanika. Ndani unawekwa wali, maharage, nyama na salsa, yaani mchuzi wa pilipili. Ukisema "super" unaongezewa jibini, malai chachu na parachichi. Inakunjwa, inaviringishwa kwenye foili, na unapokabidhiwa unahisi uzito wake mkononi. Nani aliianza? El Faro, kwenye kona ya Folsom na Mtaa wa 20, walidai kuuza ya kwanza tarehe 26 Septemba 1961, wateja wakiwa askari wa zimamoto. La Cumbre, ya barabara ya Valencia, wanataja tarehe 29 Septemba 1969. Mimi ugomvi huo nawaachia wenyewe. Ila mtindo huo ndio aliokutana nao Steve Ells alipokuwa mpishi San Francisco, kabla hajaenda Denver kufungua Chipotle, ambayo leo ni mlolongo wa migahawa, mwaka 1993. Kwa hiyo hata kama hujawahi kufika California, ukiwa umekula Chipotle, ukoo wake unaujua.

Sasa kipimo changu. Watu wengi hupima burrito kwa nyama au kwa ukubwa. Mimi napima maji. Hebu fikiria: nyama inatoka na mchuzi wake, maharage yana supu yake, kachumbari inatoa maji ya nyanya, salsa ni maji matupu yenye pilipili, na malai yakipata joto yanayeyuka. Yote hayo yamefungiwa ndani ya kitu chembamba cha unga wa ngano, na mlaji anatarajia kukishika kwa mikono miwili bila kulowa hadi kwenye kiwiko. Hapo ndipo unamjua fundi. Fundi anajua maji yale yataenda wapi kabla hajakunja. Ama wali utayanyonya, ama nyama itakaushwa vizuri juu ya bamba la chuma, ama tortilla yenyewe itachomwa ikaze ngozi.

Kuna duka moja, jina nalihifadhi, ambalo nilipelekwa na rafiki aliyelisifu njia nzima. Kijana wa kaunta alichota maharage na kijiko kisicho na matundu, akayamwaga na supu yake yote juu ya tortilla, akafuatisha salsa, halafu wali akauweka upande mmoja na malai upande wa pili, kila kitu kwenye mstari wake. Nilipofika katikati ya burrito ile nilikuwa natafuna malai matupu, nyama ikiwa bado inanisubiri huko mbele, na chini foili imeshageuka bakuli la supu. Kwenye meza ya pili mama mmoja alikuwa ameshakata tamaa, anakula yake kwa uma. Rafiki yangu aliniuliza nimeionaje, nikamwambia wali wake ulikuwa mzuri.

Tangu hapo jambo la kwanza ninaloangalia nikiingia popote ni kijiko cha maharage. Kikiwa na matundu, nakaa. La pili ni namna wanavyopanga vitu: anayechanganya kidogo kwa mgongo wa kijiko kabla ya kukunja, huyo anakufikiria wewe utakayekula, si yeye anayetaka foleni isogee.

Turudi La Taqueria. Iko Mission Street karibu na Mtaa wa 25, na ilianzishwa na Miguel Jara mwaka 1973. Sifa zake si za mtaani tu. Mwaka 2014 FiveThirtyEight, tovuti ya habari za takwimu, walishindanisha burrito 64 za Marekani nzima na hii ndiyo ikaibuka ya kwanza, kisha mwaka 2017 ikapewa tuzo ya America's Classics ya James Beard, mojawapo ya tuzo kubwa za migahawa Marekani. Mimi sikwenda kwa sababu ya tuzo, na kusema kweli nilikwenda nikiwa nimenuna, kwa kuwa nilishaambiwa hawaweki wali. Sisi tuliokulia kwenye wali, ukituondolea wali tunajiona tumepunjwa. Na kwa hesabu yangu ya maji, asiyeweka wali amejitafutia balaa.

Siri ni neno moja ambalo hulioni kwenye ubao wa bei: dorado. Ukilisema, burrito yako ikishakunjwa hairudi kwako moja kwa moja, inapelekwa kwanza kwenye bamba la moto. Simama pembeni uangalie. Jamaa anailaza upande wa mkunjo chini, kwanza ili mkunjo ushikane, anaiacha, anaigeuza, anaiacha tena. Madoa ya kahawia yanaanza kutokea kwenye kingo, halafu yanasambaa hadi ngozi yote inakuwa na rangi ya chapati iliyopikwa na mtu asiye na haraka. Ukiuma, nje inavunjika kwa sauti, ndani ni nyama na maharage ya pinto mazimamazima, na mchuzi unabaki hukohuko ndani. Wali hauhitajiki kwa sababu tortilla yenyewe imeshafanywa ukuta. Nafasi iliyokuwa ya wali imejazwa nyama. Ndiyo maana hata bei haipaswi kukushtua, hukulipia wanga.

Nyama ninayoagiza hapo ni lengua, yaani ulimi wa ng'ombe. Najua wengine mnakunja uso, lakini mtu aliyewahi kunywa supu ya kichwa asubuhi hana sababu ya kuogopa ulimi. Umechemshwa muda mrefu hadi unakatika kwa mdomo tu, na mafuta yake ni ya upole, hayagandi kwenye kaakaa. Ukiwa mgeni wa mambo hayo, anza na carne asada, nyama ya ng'ombe ya kuchoma.

El Farolito ni dunia nyingine. Pale wali upo, tena wa kutosha, parachichi linakuja limekatwa vipande badala ya kupondwa, na burrito inakuwa nzito kiasi kwamba wawili wanaopendana wanaweza kugawana bila kukosana. Hakuna anayekubembeleza. Foleni inapita kando ya jiko, unaona nyama ikikatwakatwa juu ya bamba, kisu kinagonga chuma mfululizo, muziki uko juu. Ukifika mbele uwe umeshaamua: nyama gani, maharage gani, ya kula hapa au ya kubeba. Anayeanza kusoma ubao wakati huo ataskia pumzi za watu nyuma ya shingo yake. Beba na pesa taslimu mfukoni, ni tabia nzuri kwa maduka ya mtaa huo kwa jumla.

Kwa wapenda mpira: El Farolito wana timu. Si ya kujifurahisha Jumapili tu, ni timu inayocheza US Open Cup, kombe la taifa la soka Marekani, na mwaka 2024 iliitoa timu ya kulipwa. Nilipolijua hilo nilianza kuiona ile burrito kwa heshima zaidi, ingawa ladha haikubadilika.

Kwa kipimo changu cha maji, El Farolito wanategemea wali na wali unawatendea haki. Unanyonya mchuzi wa nyama na salsa ya kijani hadi wenyewe unakuwa na ladha. Tofauti na La Taqueria, hapa kila tonge ni mchanganyiko, hutafuti kitu. Usiku, ukiwa umechoka, hicho ndicho unachotaka. Mchana ningependa kitu chenye makali zaidi.

Katikati ya hao wawili nawaweka Taqueria Cancún, Mission Street karibu na Mtaa wa 19. Wao tortilla wanaichoma badala ya kuipitisha kwenye mvuke, kwa hiyo unapata sehemu ya ukuta ule wa dorado na wali bado upo. Kwa mtu anayetaka burrito moja tu ya Mission na hataki kuingia kwenye mabishano ya wali, ningempeleka hapa. Wana pia burrito mojado, ambayo inamwagiwa michuzi juu: nyekundu, nyeupe ya malai na kijani, rangi za bendera ya Mexico. Inapendeza kwa picha. Kwa mtu mwenye vita na maji kama mimi, kuchukua burrito nzima na kuiogesha ni kama tusi, lakini rafiki zangu wote wanaiagiza na sahani zinarudi nyeupe.

Pancho Villa, Mtaa wa 16, nakwenda kwa ajili ya meza ya salsa. Unajipakulia mwenyewe, zipo za kuchoma, mbichi, za kijani na nyekundu. Ukiwa na watoto au kundi kubwa ni rahisi, sehemu ni kubwa na uchaguzi ni mpana. Papalote, Mtaa wa 24 karibu na Valencia, nako ni salsa, ila moja: ya nyanya za kuchoma, ya rangi ya machungwa, laini, ambayo watu wanainunua kwenye chupa wakapeleka nyumbani. Burrito yenyewe ni safi na nyepesi. Mimi namaliza chipsi za mahindi na salsa ile kabla chakula hakijafika, kisha nashindwa kukitendea haki.

Sasa neno kwa ndugu zangu Waislamu, na yeyote asiyekula nguruwe, maana kwenye ubao hutaandikiwa wazi. Carnitas ni nguruwe. Al pastor ni nguruwe, na hapa ndipo wengi wananaswa, kwa sababu wakiona ile nyama inazunguka kwenye mti wa chuma wanadhani ni shawarma. Asili yake kweli ni shawarma, ilipelekwa Mexico na wahamiaji wa Lebanon, lakini huko ikageuzwa nguruwe. Chorizo, ile soseji yenye viungo, nayo mara nyingi ni nguruwe. Maharage ya kupondwa kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Kuna maduka yanayotumia mafuta ya mimea, kwa hiyo uliza kama kuna "manteca", yaani mafuta ya nguruwe. Maharage mazima, meusi au ya pinto, hatari yake ni ndogo lakini bado uliza. Na ujue bamba la moto kwa kawaida ni moja kwa nyama zote. Binamu yangu anayeshika mambo haya kwelikweli huagiza ya mboga, maharage meusi, tortilla ya mvuke isiyogusa bamba, na anakula kwa amani. Haikosi utamu, hasa ukiongeza parachichi na salsa kali.

Kinywaji usichukue soda. Kuna mapipa ya kioo ya aguas frescas: jamaica ni ile choya tunayoijua, nyekundu na chachu; tamarindo ni ukwaju; horchata ni maji ya mchele na mdalasini, tamu sana. Kwa burrito yenye malai, ukwaju ndio unaokata mafuta. Horchata nampa mtu aliyeagiza pilipili nyingi kuliko uwezo wake.

Kwa ujumla kote nilikotaja utatoka umetumia zaidi ya dola 10, na kinywaji na bakshishi juu yake. Ukishindwa kumaliza, usione haya kufunga foili upya na kuondoka nayo. Kesho yake toa foili, weka kikaango mkavu jikoni moto wa kati, laza nusu ile kwa upande wa mkunjo, funika, igeuze mara moja. Maikrowevu inarudisha maji yote nje, na burrito ya El Farolito iliyolala usiku mmoja kisha ikapata kikaango inakaribia sana ile dorado ya jirani zake.