Saa ya GPS kwa Mkimbiaji Anayeingia Triathloni: Ununue Ipi Ukiwa Arusha au Moshi

Kilimanjaro Marathon ikishapita, simu yangu hujaa swali moja kutoka Moshi na Arusha: "Kaka, nusu marathoni nimemaliza, sasa nataka kuingia triathloni. Ninunue saa gani?" Wengi wao baiskeli wanayo, na kuogelea wameshaanza kujifunza kwenye bwawa la hoteli. Wamechoka kukimbia na simu mkononi, na majini simu haiingii.

Jibu langu kwa anayenunua kwa pesa yake mwenyewe, si ya mdhamini, ni hili: tafuta Garmin Forerunner 935 ya mtumba iliyo nzima. Usipoipata, nunua Coros Pace 3 mpya. Baada ya hapo inakuja Forerunner 255, kisha 165 na 55, kisha Apple Watch. Mkiani kabisa naziweka zile saa janja za kwenye meza za barabarani, ambazo kwa kazi hii hata ukinipa bure sizichukui.

Najua wapo watakaoshangaa saa ya mwaka 2017 kuwekwa juu ya saa za juzi. Twende taratibu.

Triathloni inataka nini kwenye saa

Ni kuogelea, baiskeli na mbio, mfululizo, na muda unahesabiwa hata ukiwa umeinama unavaa viatu. Mashindano mafupi ni mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na 5 za mbio. Yale ya Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia Sydney mwaka 2000, ni mara mbili ya hayo. Nusu Ironman ni kilomita 1.9, 90 na 21.1. Ironman kamili ni 3.8, 180 na 42.2, na kwa kawaida mshiriki hupewa saa 17 kuimaliza.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuuliza dukani ni kama saa ina hali ya triathloni, ile ambayo ukitoka majini unabonyeza kitufe kimoja, saa inajua sasa unabadilisha nguo, unabonyeza tena inajua uko kwenye baiskeli. Saa isiyo nayo itakulazimisha ufunge zoezi la kuogelea, ulihifadhi, utafute baiskeli kwenye orodha, uanze upya, huku vidole vimelowa na mapigo ya moyo yako juu. Hapo ndipo utakapojua thamani ya vitufe halisi. Kioo cha kugusa na maji havielewani.

Cha pili ni betri. Usiangalie siku inazokaa mkononi ukiwa ofisini. Uliza inakaa saa ngapi GPS ikiwa imewashwa.

Cha tatu, ambacho matangazo hayakigusi kabisa, ni chaja. Saa hizi nyingi hazichajiwi kwa waya wa simu, kila kampuni ina chaja yake. Ikipotea ukiwa Moshi, saa ya laki kadhaa inageuka bangili mpaka mtu akuletee nyingine kutoka Dar es Salaam au Nairobi.

1. Garmin Forerunner 935, ya mtumba

Ilipotoka mwaka 2017 iliuzwa dola 499 Marekani na ilikuwa saa ya juu ya triathloni ya Garmin. Ina vitufe vitano na haina kioo cha kugusa. Ina hali ya michezo mingi, inaogelea bwawani na kwenye maji ya wazi, inapima mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono, na inakubali mkanda wa kifuani na kipima nguvu cha baiskeli. Ikiwa mpya, betri ilikaa saa 24 GPS ikifanya kazi. Ina pia kipima shinikizo la hewa, kinachosoma mwinuko vizuri kuliko GPS peke yake. Kwa anayepanda Mweka kila Jumamosi si pambo hilo: utataka kujua mita ulizopanda kweli, si makadirio.

Kilichoipa namba moja kwangu, hata hivyo, ni ile chaja. 935 inatumia chaja ile ile ya Forerunner 945, 55, 165, 255 na 265, na ya Fenix 5, 6 na 7. Kwenye kikundi chochote cha mbio Arusha chenye watu kumi, hukosi mmoja wa kukuazima. Forerunner 735XT, ambayo nayo ina triathloni na kwa mtumba huwa ya bei ya chini zaidi, inatumia chaja ya kubana ya aina nyingine kabisa, na ndiyo sababu simpendekezei mtu labda apewe na chaja yake juu. Ukibahatika kuipata 945 ya mwaka 2019 kwa nyongeza ndogo, chukua: ina ramani, inahifadhi muziki, na betri yake ilipimwa saa 36.

Zinapatikana wapi? Moshi ina bahati ambayo miji mingine haina. Wageni wanaopanda Kilimanjaro huwaachia waongozaji na wapagazi vifaa wakishashuka, na saa zimo. Ulizia kwa watu wa mlimani kabla hujaenda dukani. Humo humo utakutana na Suunto, ambazo ni saa ngumu na nzuri, ila Ambit na Ambit2 hazina bluetooth, zinadai kompyuta na waya wake. Utakutana pia na TomTom. Hiyo iache, kampuni ilishaachana na biashara ya saa za michezo.

Sasa, mtumba una hila zake, na hapa usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Igeuze saa uangalie tundu la chaja mgongoni. Lina pini nne ndogo. Jasho na vumbi hukaa humo, na ukiona ukijani kwenye pini ujue chumvi imeshaanza kula. Ukijani kidogo hutoka kwa mswaki mkavu na tone la spiriti. Pini iliyokatika au iliyolika haina dawa. Kisha bonyeza vitufe vyote vitano, kimoja kimoja, mara kadhaa. Kitufe kinachozama na kuchelewa kurudi kimejaa chumvi ya jasho, na mara nyingi ni kile cha kuanza na kusimamisha, kwa kuwa ndicho kinachobonyezwa zaidi.

Halafu betri. Mwombe muuzaji aichaji mpaka asilimia 100, kisha mtoke nje nayo, uwashe GPS, ukimbie au utembee saa nzima. Saa ya 935 ikiwa mpya ingepoteza asilimia 4 au 5. Ikipoteza 7 au 8 bado unabakiwa na saa kumi na mbili au zaidi, nusu Ironman utaimaliza nayo. Ikipoteza 15, huyo anakuuzia betri iliyokufa, mshukuru uondoke. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekujibu. Na ikichelewa kukamata setilaiti mara ya kwanza usiogope: saa iliyolala muda mrefu bila kuunganishwa na simu hukosa taarifa za mahali setilaiti zilipo. Ukishaiunganisha na programu ya Garmin Connect itakaa sawa.

Usitume pesa kwa simu kabla saa haijafika mkononi. Hili nisingelisema, lakini bado watu wanalizwa.

2. Coros Pace 3, mpya

Kama mtumba unakutia wasiwasi, hii ndiyo. Ilitoka mwaka 2023 kwa dola 229, na kwa bei hiyo ina hali ya triathloni, kipima shinikizo la hewa, GPS ya masafa mawili (inayopokea mawimbi ya setilaiti ya aina mbili kwa pamoja) na betri ya saa 38. Ni nyepesi mno, gramu 30 ukiwa na mkanda wa kitambaa, mpaka unasahau umeivaa. Badala ya vitufe vingi ina kirungu cha kuzungusha na kitufe kimoja. Kuzoea kunachukua siku chache. Kioo cha kugusa kinazimika, na kizime.

Mbona ni ya pili basi? Chaja yake ni ya Coros peke yao, na kwetu wenye Coros bado wa kuhesabika. Pili, utaagiza, na ukiagiza jumlisha usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 kabla ya kusema ni nafuu. Ndugu anayekuja likizo bado ndiye njia nzuri kuliko zote. Mwambie alete chaja mbili.

3. Garmin Forerunner 255

Kwa saa yenyewe, hii inaishinda 935 kwa kila kitu: GPS ya masafa mengi, betri ya saa 30, triathloni, chaja ile ile. Tatizo ni pesa tu. Ilizinduliwa mwaka 2022 kwa dola 349. Ukiikuta mtumba kwa bei inayokaribiana na 935, usijiulize mara mbili.

Ila usiilipie kwa ajili ya masafa mengi peke yake. Teknolojia hiyo inasaidia zaidi kati ya majengo marefu na kwenye mabonde yenye kuta. Barabara ya Njiro au mashamba ya kahawa ya Burka yana anga wazi, na GPS ya kawaida inatosha. Labda kama mazoezi yako ni kwenye makorongo na migomba ya Machame. Wengine, wakitaka kunionyesha kuwa kila sekunde ina thamani, wananitajia Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu, aliyechukua ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo Septemba 2025 kwa muda ule ule wa Amanal Petros wa Ujerumani, 2:09:48. Kweli, lakini pale iliamua picha ya mstari wa kumalizia, si saa ya mkononi.

4. Forerunner 165 na 55

Saa safi za mkimbiaji. Hazina hali ya triathloni, na 55 haina hata kuogelea kwenye maji ya wazi. Kama moyoni unajua utabaki kwenye mbio, chukua 55 uokoe pesa.

5. Apple Watch

Tangu mwaka 2022 inaweza kuunganisha michezo mitatu kwenye zoezi moja. Inataka iPhone, inataka kuchajiwa karibu kila siku, na umeme ukikatika usiku, asubuhi huna saa. Kama tayari unayo, fanyia triathloni fupi. Ukinunua mtumba hakikisha mmiliki wa zamani ameiondoa kwenye akaunti yake, vinginevyo haitafunguka.

6. Saa janja za mezani

Nyingi zinaazima GPS ya simu. Kujua, zima bluetooth ya simu, toka nje, anza kukimbia: isipoonyesha umbali, au ikikisia tu kwa hatua, haina yake. Amazfit zenye GPS ya kwao ni tofauti, hizo mkimbiaji anayeanza anaweza kuvaa bila aibu.

Kabla hujalipia mabwawa

Saa huhesabu mizunguko kwa mwendo wa mkono na urefu wa bwawa uliouandika, kwa sababu mawimbi ya GPS hayapenyi maji. Mabwawa mengi ya hoteli zetu hayana mita 25. Lipime kwa futi kamba, uandike urefu halisi. Yale madogo ya watoto kuchezea huenda saa ikayakataa kabisa, zina kiwango cha chini cha urefu.

Na mapigo ya moyo ya kwenye kifundo yachukulie kwa tahadhari. Mwanga wa kijani unaotumika hufyonzwa na rangi ya ngozi nyeusi, na usukani ukitetemeka kwenye barabara ya vumbi namba zinaruka ovyo. Mkanda wa kifuani husoma umeme wa moyo wenyewe. HRM-Tri ya Garmin na Polar H10 huhifadhi mapigo ukiwa majini. Kitambaa cha mkanda nunua kipya hata kama kifaa ni mtumba. Betri ni ya kidonge, CR2032 kwa Garmin na CR2025 kwa Polar, na fundi saa yeyote wa mjini anazo.