Nimempeleka kijana wangu kuona Afrigo Band laivu, maoni yangu haya hapa

Wazazi wenzangu wa Kampala, kama una mtoto wa sekondari na unawaza likizo mtafanya nini pamoja, mpeleke akaone Afrigo, ile bendi kongwe ya hapa Uganda, wakipiga laivu. Sisi tumetoka huko juzi Jumamosi na kijana wangu wa Senior Two mpaka leo anaimba zile sehemu za tarumbeta kwa mdomo akiosha vyombo.

Mi nimekua na hii bendi, kule kambini Jinja redio ilikuwa ya baba na ikipigwa Afrigo hakuna kuongea. Kijana nae kaipata kivyake, anapiga tarumbeta bendi ya shule, akaanza kuwatafuta YouTube sababu ya brasi, yaani vyombo vya kupuliza kama tarumbeta, sasa ni bendi yetu wote wawili na mwenye kijana wa umri huo anajua vitu vya kupenda pamoja sio vingi.

Afrigo walianza 1975, enzi za Amin, na Mzee Moses Matovu alikuwepo tangu siku hizo. Bado yuko mbele na saksafoni yake, ana zaidi ya miaka 70 jamani! Anapuliza, anaishusha, anaimba, anacheza kidogo, anarudi tena kupuliza na pumzi haikatiki. Kijana anajua pumzi inavyochosha maana anafanya mazoezi kila siku, basi akawa ananivuta mkono tu, "mama angalia, mama umeona hiyo?" Wimbo ambao redioni ni mfupi pale wanauvuta wanavyotaka, gitaa linazunguka, linanyamaza, inabaki ngoma na besi peke yake, watu wanapiga makofi, halafu wapuliza wote wanaingia kwa mara moja na ukumbi mzima unasimama. Mi nilipiga kelele hadi sauti ikaniishia.

Na watu wenyewe ni wa kila umri, meza ya jirani kulikuwa na bibi kavaa gomesi, lile gauni la heshima la Kiganda, kaja na wajukuu, wote wanacheza. Kijana wangu nyumbani tunaongea Kiswahili lakini pale aliimba Kiganda mwanzo mwisho, mi mwenyewe nilishangaa kayajua lini maneno yote yale.

Ya kulalamika yapo ila ni ya waandaaji sio ya bendi. Tuliambiwa saa moja jioni, muziki umeanza karibu saa tatu, na nyimbo za kwanza kinanda kilikuwa juu sana sauti za waimbaji zikapotea, baadae fundi akarekebisha ikawa safi. Tiketi za kawaida tulilipa elfu 50 kila mtu, kwa ile kazi niliyoiona hazikuniuma hata kidogo. Muchomo (nyama choma) mzuri, foleni yake mtihani, kuleni kabla ya kutoka nyumbani. Usiku ni mrefu kwahiyo panga mapema na mtu wa teksi unayemjua, msianze kutafuta boda saa hizo na mtoto.

Kama mtoto wako anapiga chombo chochote shuleni, msikubali meza za nyuma, fikeni mapema mkae upande ule wanaosimama wapuliza. Wangu aliona vidole vyao vizuri kabisa na ameshaniuliza shoo ijayo ni lini.