Uzoefu wangu wa sheli: tangu nianze kushuka kwenye pikipiki

Naendesha bodaboda upande wa Mbezi, Dar es Salaam, huu mwaka wa sita, na chombo changu ni Boxer 150. Miaka yote hiyo nimejaza mafuta nikiwa nimekaa juu ya siti, mguu mmoja chini, tanki wazi katikati ya mapaja, macho kwenye simu. Kijiweni kwetu ndivyo tunavyojaza karibu wote. Miezi mitatu iliyopita niliacha. Naandika kuhusu huduma ya sheli ninayotumia, lakini nitatusema na sisi wenyewe, maana nusu ya malalamiko yetu tunajitengenezea.

Kilichonifungua macho ni kichwa, yaani abiria, wa kwenda Kibamba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa nimeshaingia rizevu, ile akiba ya mwisho ya tanki. Nikaingia sheli na abiria wangu nyuma, nikasema, "Dada, weka ya tano." Bajaji iliyokuwa mbele yangu ndiyo kwanza inaondoka, iliwekewa ya elfu mbili. Dada hakurudisha bomba kwenye kishikio chake. Alilitoa kwenye bajaji akalileta moja kwa moja kwangu, akabonyeza, akachomoa. Nikampa msimbazi, noti ya elfu kumi, akanirudishia tano, tukaondoka.

Kilomita 44 baadaye pikipiki ikaanza kukohoa. Boxer yangu kwa lita moja hunipa kilomita 45 hivi, na bei ya lita siku hizo ilikuwa karibu buku tatu, yaani elfu tatu. Ya elfu tano ilitakiwa inifikishe kilomita sabini na kitu. Piga hesabu mwenyewe: mimi niliwekewa ya elfu tatu, ile elfu mbili ya bajaji ilikuwa bado imekaa kwenye saa ya pampu. Pampu nyingi husoma sifuri pale bomba linaporudishwa mahali pake na kuchukuliwa upya. Lisiporudishwa, namba zinaendelea zilipoishia. Aliniibia au alisahau kwa sababu ya foleni, sina hakika hadi leo. Nilirudi kudai, nikaulizwa risiti. Risiti gani? Sijawahi kuchukua risiti tangu nianze kazi hii.

Basi nikabadili. Siku hizi nikiingia sheli nazima injini, abiria kama yupo namwomba ashuke asogee pembeni, nasimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, nafungua tanki, halafu nasimama pembeni ya pampu nikitazama sifuri kabla ya kutaja hela. Ni sekunde ishirini tu. Mara ya kwanza jamaa wa nyuma alinipigia honi na kusema, "Oya, umekuja kukagua au kuweka mafuta?" Dada wa pampu naye alinuna kidogo. Sasa hivi ananiita Mzee wa Sifuri, na nikifika tu ananionyesha saa kwa kidole kabla sijauliza. Kwa hilo namsifu, anafanya kazi nzuri.

Risiti nazo nazichukua. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, inakuonyesha lita na bei, kwa hiyo ukiandika na kilomita za kwenye saa ya pikipiki, ndani ya wiki mbili unajua chombo chako kinakula kiasi gani. Ulaji ukipanda ghafla, kuna jambo: plagi, kabureta, upepo wa tairi, au mafuta yenyewe. Tazama pia stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu, ndiyo inayoonyesha imekaguliwa. Sisi wa bodaboda tunajua stika za bima tu.

Sasa tabia zetu. Ya kwanza ni kununua kidogokidogo: buku mbili asubuhi, buku tatu mchana, buku mbili jioni. Kutoka kijiweni kwetu hadi sheli ni kilomita moja na nusu. Mara tatu kwa siku, kwenda na kurudi, ni kilomita tisa, yaani, kwa bei ya siku zile, shilingi 600 za mafuta unayochoma ukifuata mafuta. Ukienda mara moja ni 200. Kwa siku 26 za kazi unaokoa 10,400, ambayo inakaribia kopo la oili. Nimewaonyesha wenzangu hesabu hii kwenye karatasi na hawakubishana nayo, ila walinipa sababu zao, na sababu zao ni za kweli. Mwenye pikipiki ya hesabu, anayempelekea bosi hela kila siku, anairudisha usiku kwa bosi. Akiacha lita tano ndani, kesho anayekula ni deiwaka, dereva wa kushikia siku moja. Mwingine analaza pikipiki uani na wapangaji wengine, asubuhi mpira wa mafuta umechomolewa na tanki halina kitu. Na asubuhi yenyewe mfukoni huna hata hiyo buku tano mpaka upate kichwa cha kwanza. Mimi ninaweza kujaza mara moja kwa siku kwa kuwa pikipiki ya mkataba, ile unayomlipa bosi kidogokidogo mpaka inakuwa yako, nimeshaimaliza, ni yangu.

Ya pili ni koki, kile kiswichi cha mafuta chini ya tanki. Watu wanaiweka kwenye rizevu mwaka mzima. Halafu siku mafuta yakiisha wanashangaa hawana akiba! Upande wa rizevu unanyonya chini kabisa ya tanki, mahali maji na uchafu unapotulia. Mwezi wa nne, wakati wa masika, pikipiki yangu ilikuwa inazima kila nikifika mataa. Fundi akafungua kiskrubu cha chini ya bakuli la kabureta, akakinga kiganja. Petroli ikatoka na matone ya maji yanaviringika ndani yake kama shanga. Nikaapa ni mafuta ya sheli yamechakachuliwa. Fundi akacheka, akafungua mfuniko wa tanki langu, akanionyesha kitundu kidogo cha kutolea maji ya mvua pembeni ya mdomo wa tanki. Kilikuwa kimezibwa na vumbi lililoganda. Kila nikifungua mfuniko baada ya mvua, maji yaliyotuama pale yalikuwa yanamwagikia ndani. Akakizibua kwa spoku, akanitoza buku mbili. Uchakachuaji upo, ndiyo maana EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wakaleta vinasaba, alama ya kemikali inayowekwa kwenye mafuta ili yapimwe, lakini yale maji yalikuwa yangu.

Kuna imani hii ya kuweka mafuta alfajiri ili upate mengi, eti baridi huyafanya yasinyae. Matanki ya sheli yako chini ya ardhi, joto lake halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Hata lingepungua nyuzi tano, kwa lita tano faida yako haifiki vijiko viwili vya chakula. Lala.

Na lile la Jumanne usiku: bei mpya hutangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi usiku wa kuamkia siku hiyo sheli zinafurika. Nimewahi kupanga foleni nusu saa nikaokoa shilingi mia nane, na ndani ya nusu saa hiyo wenzangu walishapeleka vichwa viwili vya buku mbilimbili.

Linaloniogopesha ni kujaza ukiwa umekaa. Petroli inatoa mvuke hata kukiwa na baridi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka chini, na chini kuna injini na ekzosi iliyotoka kupanda mlima wa Kimara. Halafu tuna ile tabia ya kutikisa pikipiki na kumwambia muuzaji, "Ongeza, bado haijajaa," mpaka inafurika. Nilimwona kijana mmoja yakimwagikia kwenye suruali na ekzosi, mvuke ukapanda mweupe, na yeye kakaa, na nyuma yake kuna mama mwenye mtoto mgongoni. Haikuwaka. Yule kijana alifuta kwa kitambaa cha kufutia kioo, akawasha, akaenda. Mimi mikono ilikuwa inatetemeka. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, miongoni mwa waliokimbilia kuchota mafuta ya lile lori lililopinduka, kisha likalipuka, walikuwemo watu wa kazi yetu, na zaidi ya watu mia moja hawakurudi nyumbani. Tulilia wiki moja, kisha tukarudi kujaza tumekaa.

Hapo ndipo naikosoa sheli. Bango la kuzima injini na simu lipo, kubwa, ila hakuna anayemwambia mtu wa bodaboda ashuke. Wenye magari wanaambiwa wazime. Ndoo za mchanga zipo, moja siku nyingine huwa imejaa vichungi vya sigara, sijui vinatoka wapi mahali palipokatazwa moto. Upepo wa tairi ni bure, na geji inafanya kazi, jambo adimu upande huu. Usiku wanarudisha chenji vizuri.

Nitaendelea kujaza hapo. Jana jamaa aliyenipigia honi siku ile alikuwa nyuma yangu tena. Nilipomaliza nikamtazama kwa kioo cha pembeni: alikuwa bado juu ya siti, lakini shingo ameikunja kuelekea kwenye saa ya pampu.