Juzuu za Kijapani: uzoefu wangu wa miaka mitatu na MANGA Plus, kwa anayeanza

Mpwa wangu alipokuja kwetu Tanga likizo alinikuta barazani nasoma kwenye simu. Akachungulia, akaomba aone. Nikamwachia. Hazikupita dakika mbili akanirudishia, uso kaukunja.

“Anko, hii haieleweki. Huyu anajibu kabla hajaulizwa.”

Alikuwa anasoma kuanzia kushoto. Manga, yaani hadithi za katuni za Kijapani, husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Unaanza na kisanduku cha juu kulia, unasogea kushoto, unashuka mstari wa pili, unaanza tena kulia. Viputo vya maneno ndani ya kisanduku hufuata njia hiyohiyo. Hata kitabu chenyewe hufunguliwa upande ambao kwenye riwaya zetu ni wa mwisho. Nilipomweleza hivyo akatulia kidogo, kisha akasema, “Kumbe kama juzuu ya chuoni.” Likaisha hapo. Mtoto aliyefunua Juzuu Amma madrasa tangu ana miaka mitano hana haja ya somo jingine. Akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza upya, na simu yangu sikuipata tena mpaka chakula cha usiku.

Naandika haya kwa ajili ya mtu kama yeye, awe na miaka 13 au 43, anayesikia vijana wakitaja manga na anime na hajui ashike wapi. Nimetumia programu nyingi. Nitakayoielezea hapa ni moja, MANGA Plus, kwa sababu ndiyo ningependa mtu aanze nayo.

Mimi sikuanza vizuri. Nilianza na anime, yaani katuni za video, tena za kwenye flashi. Mtaani kulikuwa na kijana mwenye kibanda cha kujaza nyimbo na muvi. Unampa flashi na hela yake asubuhi, jioni unachukua. Alinijazia Naruto, anime ya kijana ninja, na vipande havikufuatana. Leo mtu kafa, kesho yuko hai anakula tambi. Baadaye nikahamia kwenye tovuti moja ya wizi ambako kila ukigusa ukurasa linafunguka tangazo la kubeti, na katikati ya sura kurasa mbili tatu hazipo. Nilidhani hadithi za Kijapani ndivyo zilivyo, zimekatikakatika. Miaka ikapita kabla sijajua kuwa sikuwa nimesoma hadithi yenyewe hata mara moja.

MANGA Plus ni ya wachapishaji wenyewe, kampuni ya Shueisha ya Tokyo, na ilianza Januari 2019. Hii ndiyo kampuni inayotoa Weekly Shonen Jump, jarida la kila wiki lililoanza 1968 na ambalo toleo lake moja la 1995 lilichapishwa nakala milioni 6.53. Ukitaka kuelewa kwa nini manga ina mvuto ilio nao, lijue jarida hili kwanza. Ni nene, karatasi zake ni za bei rahisi, na ndani kuna hadithi nyingi za watu tofauti, kila moja na sura yake ya kurasa 19 hivi. Kwa miaka mingi msomaji alirudisha kadi ya posta akitaja hadithi zilizompendeza. Hadithi isiyopata kura hukatishwa, hata ikiwa na wiki chache tu. Ndiyo maana ukurasa wa mwisho wa kila sura hukuacha roho juu. Mchoraji anapigania nafasi yake ya wiki ijayo, na wewe msomaji unaisikia ile pumzi.

Sasa, uzoefu wa programu yenyewe. Unaipakua bure, unachagua lugha, unaanza. Kazi nyingi zina sura tatu za kwanza na tatu za karibuni ambazo ziko wazi kwa yeyote. Tangu Oktoba 2023, ndani ya programu, kazi ambazo bado zinaendelea kuchapishwa kwa Kiingereza unaweza kuzisoma kuanzia mwanzo hadi sasa bila kulipa, ila kila sura mara moja tu. Ukitaka kurudia, kuna usajili. Ulipoanza, wa kawaida ulikuwa dola 1.99 kwa mwezi, na wa juu, unaofungua pia kazi zilizokwisha zamani, dola 4.99. Mwaka wa kwanza sikulipa hata senti. Nilisoma bure na nikashiba. Nilianza kulipa nilipotamani kurudia sura nizipendazo, na nalipa kwa kadi ninayoijaza kwa pesa ya simu.

Hilo sharti la mara moja lilinifundisha kusoma taratibu. Kabla yake nilikuwa nakimbiza vidole, nasoma maneno naacha picha. Kwenye manga picha ndiyo inayosimulia. Kuna kurasa nzima zisizo na neno hata moja, na ukizipita haraka umepoteza sura.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni saa. Sura mpya za jarida hutoka Japani Jumatatu ikiingia, saa sita kamili za usiku wa kule. Kwetu ni Jumapili saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo mimi nikiwa Tanga, karibu na adhana ya magharibi, naisoma sura dakika ileile inapofunguliwa kwa msomaji wa Osaka. Kwa mtu aliyezoea kusubiri kijana wa kibandani apate “mzigo mpya”, hili ni jambo kubwa sana. Wiki nyingine mchoraji hupumzika, au jarida halitoki kwa sababu ya sikukuu za kule, basi Jumapili hiyo inakuwa ndefu.

Uanze na ipi? Mpwa wangu nilimwanzisha na One Piece ya Eiichiro Oda, iliyoanza Julai 1997 na imeshapita juzuu 100. Wengi wataogopa urefu huo. Mimi nasema soma sura ya kwanza peke yake, kurasa 50 na ushee, kisha uamue. Kuna kijiji cha bandarini na mtoto aitwaye Luffy anayetaka kuwa haramia. Kuna nahodha mwenye nywele nyekundu, Shanks, anayevaa kofia ya majani makavu, aina ya pama ambayo mzee yeyote wa pwani angeivaa kwenda shamba. Jambazi mmoja anammwagia Shanks kinywaji mbele ya watu, naye anacheka tu, anaokota vilivyovunjika. Mtoto anakasirika: kwa nini hakupigana? Kurasa nyingi baadaye mtoto yuko baharini, hajui kuogelea, mnyama wa baharini amemjia, na Shanks anamfikia. Kisha Oda anatuonyesha bahari imetulia, mtoto analia kwa sauti, na mkono mmoja wa nahodha haupo.

Pale mpwa wangu aliinua kichwa akaniangalia. Hakusema kitu. Mimi pia nilikaa kimya, maana hata mimi mara ya kwanza ilinikaba koo. Maana ya ile kofia, na kwa nini Luffy anaivaa miaka yote inayofuata, imo ndani ya sura hiyohiyo.

Na hapa ndipo ninaposimama kidete kwamba mgeni asome kabla ya kutazama. Anime ya One Piece, iliyoanza Oktoba 1999, haifungui na tukio hilo. Kipindi cha kwanza kinaanza Luffy akiwa ameshakua, yumo ndani ya pipa. Kisa cha Shanks kinakuja kipindi cha nne. Aliyeanza na anime anakutana na kijana mchangamfu mwenye kofia asiyoijua. Aliyeanza na kitabu anaijua kofia ile iligharimu nini.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaingia kwenye manga na mtaji ambao wengine hawana. Mchoraji wa Kijapani huandika sauti ndani ya picha yenyewe, kwa herufi kubwa zilizochorwa kama sehemu ya mandhari. Moyo unadunda, doki doki. Kitu kinametameta, kira kira. Hata kimya kina sauti yake, shiin, nayo huandikwa hewani juu ya vichwa vya watu waliopigwa na butwaa. Tafsiri ya Kiingereza hapo mara nyingi huishiwa maneno. Lakini sisi husema kaanguka pu, katumbukia chubwi, kajifunika gubigubi, katulia tuli. Tulifundishwa tanakali za sauti darasani. Nilipomwonyesha mpwa wangu zile herufi akaanza kuzisoma kwa Kiswahili chake mwenyewe, kisanduku hadi kisanduku, na kila moja ikakaa mahali pake.

Vilevile kuitana. Kijapani kina -san ya heshima ya kawaida, senpai kwa aliyekutangulia shuleni au kazini, sensei kwa mwalimu, na hata wachora manga huitwa sensei. Siku mhusika anapoacha -san akamwita mwenzake jina tupu, jambo limetokea kati yao, na mwandishi hana haja ya kulieleza. Mtu aliyekulia kwenye shikamoo hahitaji kufafanuliwa. Jirani aliyezoea kukuita Bi Mwanahawa akikuita Mwanahawa mbele ya watu, utageuka.

Kwa upande wa mapungufu: Kiswahili hakimo. Kuna Kiingereza, Kihispania, Kireno, Kithai na nyingine kadhaa, pamoja na Kifaransa, hivyo ndugu zetu wa Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura wana pa kushika, japo orodha ya Kifaransa ni fupi kuliko ya Kiingereza. Inaniuma kila mara ninapofungua ukurasa wa kuchagua lugha. Mama yangu angeipenda sana Spy x Family, ile ya jasusi, muuaji wa kukodiwa na mtoto anayesoma mawazo ya watu, wote wakijifanya familia moja. Huwa namsimulia sura jioni akichambua mchicha. La pili ni skrini. Michoro iliyotandazwa kwenye kurasa mbili, simu ndogo inaibana. Ilaze simu, la sivyo utaona mstari wa katikati tu.

Kwa wazazi: shonen maana yake ni hadithi zinazolengwa kwa wavulana wa umri wa kupevuka, shojo kwa wasichana, seinen na josei kwa watu wazima. Kuchorwa hakuifanyi hadithi kuwa ya watoto. Humo mna vita, damu na mambo ya kikubwa. Soma sura mbili mwenyewe kabla ya kumpa mtoto simu. Mimi hufanya hivyo, na kazi mbili nilizozipenda sana nimemwambia mpwa wangu zimsubiri.

Anime nayo ina wakati wake. Tangu Tetsuwan Atom ya Osamu Tezuka ilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni tarehe 1 Januari 1963, vipindi vya kila wiki vimetengenezwa kwa kubana michoro: picha inasimama, mdomo ndio unaocheza. Ukilijua hilo hushangai. Tena jarida linatoa kurasa 19 kwa wiki, anime inazimeza kwa dakika chache, inalikuta jarida, kisha studio inalazimika kutunga visa vyake ikisubiri. Ndiyo sababu Naruto ina vipindi 220 na mwendelezo wake 500, na vingi humo ni vya kujazia. Na kipindi kimoja kinakula bando kuliko sura kadhaa za kusoma.

Kwa hiyo ukitaka kutazama, chukua kilicho kifupi na kilichokamilika. Death Note ina vipindi 37. Fullmetal Alchemist: Brotherhood, vipindi 64, imetokana na juzuu 27 za Hiromu Arakawa, mwanamke aliyekulia kwenye shamba la ng’ombe wa maziwa Hokkaido, na jinsi anavyoandika kifo, kazi na chakula utaona kabisa ni mtu aliyefuga. Ni ya kampuni nyingine, kwa hiyo usiitafute MANGA Plus. Kama una jioni moja tu na familia imekaa pamoja, Spirited Away ya Hayao Miyazaki, ya 2001, ndiyo iliyopata Oscar 2003. Mpenda mpira ataulizia Captain Tsubasa ya Yoichi Takahashi, iliyoanza 1981. Binamu zangu waliokulia Maskati waliitazama kwa Kiarabu na mpaka leo wanamwita Kapteni Majid, hawajui jina jingine.

Mpwa wangu karudi Morogoro, anasoma kwenye simu ya mama yake. Dada yangu amempangia sura tano kwa siku, zisizidi, na baada ya kazi za shule. Jumapili iliyopita saa kumi na mbili na robo nilimpigia, sura mpya nimeimaliza sasa hivi, bado moyo unanidunda. Sikuwahi hata kufungua mdomo.

“Anko, shikamoo, usiniambie! Mimi bado niko sura ya 81.”