Toyota Raum niliyomnunulia mama Tukuyu, mwaka na miezi miwili sasa

Mama yangu ana miaka 71, nesi mstaafu, anakaa Tukuyu, magoti yote mawili yanamsumbua na kliniki yake iko Hospitali ya Rufaa pale Mbeya, yaani kila baada ya wiki 6 lazima asafiri. Miaka yote alikuwa anapanda haisi na kama umewahi kupanda haisi za huku unajua, konda anaita bado mmoja bado mmoja huku siti ya watatu mmekaa wanne, mama akishuka Mbeya anasimama kwanza ameshika mlango mpaka miguu ikubali ndo anaanza kutembea. Siku moja nimempokea nikamuona anavyoshuka, nikampigia mdogo wangu usiku huo huo nikamwambia tuchange, mama apate gari.

Tulikuwa na milioni 10 na nusu, na hapo ndani nilitaka ibaki ya kubadili umiliki, bima na sevisi ya kwanza, sio gari inaingia nyumbani halafu haina hata hela ya oili. Nilianza na wazo la kuagiza Japan nikapiga hesabu za TRA nikaona hapana. Gari ndogo ikipita miaka 10 inapigwa uchakavu 30% juu ya ushuru wa forodha 25% na VAT 18%, na hizi gari za bei yetu karibu zote zimepita miaka 10 siku nyingi, Raum yenyewe waliacha kuitengeneza 2011. Kwa hiyo tukaamua tutafute iliyotumika hapa hapa.

Sasa ushauri, jamani. Mjomba anasema chukua Noah ukoo mzima utapanda, shemeji anasema IST maana ukitaka kuuza inatoka wiki hiyo hiyo, mzee mmoja wa kanisa akasema barabara zenu hizo bila RAV4 mtalia. Wote wana hoja na wote sikuwasikiliza, maana hakuna aliyeuliza mama anaingiaje na anatokaje. Nikafanya kitu ambacho nashangaa watu hawafanyi, nikamchukua mama mwenyewe, tukazunguka kwenye yadi na kwa watu binafsi Mbeya mjini, kila gari anakaa, anafunga mlango, anashuka. Siku mbili. Gari za juu zote anapanda kwa kujivuta, mkono juu, goti linagoma. Gari ndogo za chini anaingia vizuri ila kutoka ni mpaka avutwe. Passo alikaa poa kabisa ila ile ya 1000cc watu wanne na mkungu wa ndizi kupanda Isyonje, ule mlima wa njia ya Mbeya Tukuyu, nikaona tutaionea tu.

Raum hii ya toleo la pili, iliyoanza 2003, ndo ilimaliza kazi. Kwa wasioijua, milango ya nyuma yote miwili ni ya kusukuma kama Noah, na upande wa kushoto HAKUNA nguzo katikati ya mlango wa mbele na wa nyuma, nguzo imo ndani ya milango yenyewe. Ukifungua yote miwili unabaki uwazi kama mlango wa sebuleni. Sakafu iko chini na haina kizingiti cha kuruka, siti iko usawa wa kiti cha kulia chakula. Mama aligeuka akakaa kwanza, akaingiza mguu mmoja, wa pili, akanyamaza kidogo afu akasema "hii hata fimbo yangu inaingia." Basi.

Kuna Raum ambazo mlango wa kushoto ni wa umeme, unabonyeza unajifungua wenyewe. Fundi wetu alisema kama ni ya mzee chukua ya kusukuma kwa mkono, mota na waya wake vikichoka ni gharama na kupata mtu wa kuvitengeneza huku ni shughuli. Tukafuata.

Kuipata nzuri ilichukua wiki 5 na hapa naomba usome taratibu maana ndo penye hela yako. Ya kwanza dalali aliniambia "dada angu hii ilikuwa ya sista wa kanisani, haijawahi kutoka Mbeya", nikaenda saa 4 nakuta boneti ya moto. Nikamuuliza mbona ya moto, akasema walikuwa wanaiosha. Nikaondoka. Gari lazima uikute imelala, asubuhi na baridi yetu ya mwezi wa 6 hiyo ndo mashine ya kupimia, injini iliyochoka itatoa moshi wa bluu au itatetemeka pale pale, ikishapashwa moto inaficha.

Ya pili ilikuwa safi kwa macho, rangi inang'aa, fundi akafungua mfuniko wa rejeta akakuta uji uji wa rangi ya maziwa ya chai, yaani oili imeingia kwenye maji, akaufunga akaniambia tu twende.

Ya tatu ndo hii, namba D, ya mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Tuliifikia saa 12 na nusu asubuhi imelala na umande. Ikawaka mara moja. Fundi akacheki oili kwa kijiti, akachomeka mashine ya kusoma makosa, akaingia chini na tochi kuangalia kutu, akalinganisha chesisi namba na kadi, halafu tukaenda nayo Uyole tukapandisha nayo Isyonje, maana kuijaribu gari kwenye lami tambarare ya mjini haikuambii kitu kuhusu giaboksi. Ilikuwa inashtuka kidogo ikiingia gia ya pili. Mwenye gari hakubisha, akakiri oili ya giaboksi hajawahi kubadilisha toka anunue. Bushi za mbele zimekwisha, shokapu moja inavuja. Kwa hayo tukashuka kutoka milioni 10 mpaka 9 na laki 4.

Kabla ya kutoa hata shilingi niliingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki nikakuta faini 3 hazijalipwa, 90,000, akazilipa mbele yangu. Kumbuka faini zinaifuata gari. Mkataba tuliandikishana kwa mwanasheria, na umiliki tukauhamishia jina la mama sio langu, kwa hiyo alihitaji namba ya NIDA na TIN yake mwenyewe, anza na hiyo TIN mapema usije ukakwama kama tulivyokwama sisi siku 4. Bima nilikata ndogo, 118,000.

Matengenezo ya mwanzo: oili ya giaboksi (aina ya T-IV, usikubali mtu akuwekee yoyote iliyo karibu), bushi, shokapu mbili za mbele, plagi na oili ya injini. Ile kushtuka ikaisha. Injini ni 1NZ, cc 1500, ya cheni sio mkanda, na ni ndugu moja na ya IST ya 1500, Spacio, Probox na Runx, ndo maana pale Mwanjelwa, Mbeya mjini, spea zake unapata za kuchagua, na hata Tukuyu mafundi wanaifungua wamefumba macho. Vitu vya bodi ndo tofauti. Taa, milango, kioo, hivyo ni vya Raum peke yake na unaweza kuagizia Dar ukasubiri, kwa hiyo mdogo wangu ndo dereva na nimemwambia mlango ule wa kushoto aulinde kama yai.

Mafuta, Tukuyu Mbeya kwenda na kurudi na mizunguko ya mjini inakula lita 11 hivi. Kwa milima ile mi naona ni sawa kabisa. Breki ndo za kuangalia, kushuka kutoka Isyonje kuja Kiwira dogo alikuwa anakanyaga breki mwanzo mwisho, pedi zikaisha miezi 5, sasa anashusha gia na zile mpya bado nene. Na ukungu wa pale Isyonje, hakikisha hita na kipuliza kioo vinafanya kazi siku ya kununua, watu wa Dar hawaulizi hilo ila sie asubuhi bila hita kioo chote kinakuwa maziwa na huoni hata lori lililo mbele yako.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba iko chini. Kutoka lami mpaka kwa mama ni kama nusu kilomita ya udongo, na mvua za Rungwe mnazijua, mwezi wa 3 na wa 4 ule udongo unakuwa sabuni. Tuliweka spesa, vile vipande vya kunyanyulia springi, ikanyanyuka kidogo, nikalipa pia tripu 2 za moramu kwenye ile sehemu mbaya, imesaidia sana ila mvua kubwa ikipiga usiku asubuhi wanasubiri kukauke kwanza. Kama kwenu ni matope kilomita 5, tafuta ile Raum ya 4WD, zipo ila chache, au chukua gari nyingine kabisa. Reli za mlango wa kusukuma nazo zinakusanya udongo, kila Jumamosi dogo anazipiga brashi na maji.

Nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja nimeitoa kwa sababu ya matope tu.

Jumanne iliyopita walikuja kliniki. Niliwasubiri pale Rufaa getini, mlango ukasukumwa, mama akatoa fimbo, akashusha mguu, wa pili, akasimama mwenyewe bila kushikwa na akaanza kutembea kabla sijamfikia, kwenye mkono ana mfuko wa parachichi za kwangu. Nikamuuliza safari mama, akanijibu kwa Kinyakyusa "ndaga fijo (asante sana) mwanangu, nimelala kuanzia Kiwira."