Taima ya springla: hesabu kwanza nyakati za kuanza

Malalamiko ya wasomaji kuhusu springla (vinyunyizio vya bustani) za kujiendesha yanafanana mno. Maji yanachuruzika hadi barabarani, bili inapanda, na nyasi bado zina mabaka makavu. Wengi hulaumu vichwa vya springla, wanavibadilisha, na hali inabaki vilevile. Mimi huanza na taima, kile kifaa kinachofungua na kufunga maji kwa saa ulizopanga, na hasa jambo moja ambalo wauzaji hawaligusi: kila ratiba, yaani kila mpango wa kumwagilia unaouweka ndani yake, inaruhusu nyakati ngapi za kuanza kwa siku moja?

Chukua bustani ya kawaida wakati wa joto. Nyasi zinahitaji takriban milimita 25 za maji kwa wiki. Springla za kupuliza, zile zinazochomoza ardhini, humwaga kama milimita 38 kwa saa, kwa hiyo dakika 40 kwa wiki zinatosha: 20 leo, 20 siku nyingine. Shida ni kwamba udongo wa mfinyanzi hunywa milimita chache tu kwa saa. Ukifungulia dakika 20 mfululizo, maji ya mwanzo yanaingia, mengine yanaishia mtaroni. Dawa ni kugawa: dakika 7, pumzisha udongo, 7 tena, pumzisha, 7 za mwisho. Ukiwa na sehemu sita, yaani makundi sita ya springla yanayofunguliwa kwa zamu, kila moja kwa valvu yake, mzunguko mmoja unachukua dakika 42. Weka kuanza saa kumi alfajiri, kumi na moja na kumi na mbili (kwenye kioo cha taima utaona 4:00, 5:00 na 6:00), na kabla ya saa moja asubuhi kazi imekwisha. Sehemu moja inapumzika huku nyingine zikinyunyiziwa, hakuna muda unaopotea. Taima yenye wakati mmoja tu wa kuanza, na isiyogawa dakika yenyewe, haiwezi kufanya hivi, hata iwe na kioo kizuri namna gani.

Tafadhali shikeni na hili: wakati wa kuanza ni wa ratiba nzima, si wa sehemu moja. Mwenye sehemu sita akiweka nyakati sita, akidhani kila sehemu inataka wake, anamwagilia bustani nzima mara sita kwa siku. Bili nyingi za kutisha zinatoka hapo.

Namba moja kwangu ni taima ya Rain Bird ESP-ME3, na sifichi kwamba naipenda kampuni hii. Ina ratiba nne, kila moja na nyakati sita za kuanza. Springla za kupuliza unaziweka ratiba A, zile za kuzunguka, ambazo humwaga polepole na kuhitaji dakika nyingi zaidi, unaziweka B, na bado nafasi inabaki. Inaanza na sehemu nne na kuongezwa hadi 22. Umeme ukikatika, ratiba haifutiki. Kitufe chake cha kuzungusha kinaeleweka hata kwa asiyependa vifaa vya umeme.

Ya pili ni Hunter X-Core: ratiba tatu, nyakati nne za kuanza kwa kila moja. Kwa mfinyanzi inatosha, ila idadi ya sehemu haiongezeki, kwa hiyo hesabu valvu zako zote kabla ya kununua.

Ya tatu ni Rachio 3. Hii hugawa dakika yenyewe kwa kufuata aina ya udongo unayoitajia, na huahirisha umwagiliaji mvua inapotabiriwa. Ukiitajia kichanga wakati ardhi yako ni mfinyanzi, nayo itakosea pamoja nawe. Tena ratiba yote inapangwa kwenye simu, na sipendi bustani inayotegemea intaneti.

Taima nyingi za betri za kufunga bombani ni za mpira mmoja wa maji. Zinafaa kwa kitalu kidogo, basi.

Kabla ya kuamini dakika za mtu yeyote, zangu zikiwemo, panga makopo ya samaki yanayolingana juu ya nyasi, washa dakika 15, pima kina kwa rula, zidisha kwa nne. Hapo unajua springla zako humwaga milimita ngapi kwa saa. Kopo la pembeni likipata nusu ya kopo la katikati, hakuna taima itakayokuponya. Rekebisha vichwa kwanza.

Wauzaji wananiudhi sana. Ukiuliza nyakati za kuanza wanakujibu kuhusu Wi-Fi. Kisha kifaa cha Wi-Fi kinauzwa kando, sensa ya mvua kando, moduli za kuongeza sehemu kando, na picha ya boksi inaonyesha kama vyote vimo. Dai kijitabu cha maelekezo kabla ya kulipa. Wakikwambia boksi halifunguliwi, kijitabu hicho hicho kiko kwenye tovuti ya kampuni; tafuta ukurasa wa ratiba uhesabu mwenyewe.