Rikloza au fyuzi kwenye laini ya kilovolti 11?

Karen na Runda, mitaa ya Nairobi, kuna miti mingi. Tawi likigusa waya wakati wa upepo, hitilafu mara nyingi huisha yenyewe likishaachia, na hapo rikloza, yaani swichi ya laini inayokata na kurudisha stima yenyewe, inaishinda fyuzi kwa mbali. Inakata, inasubiri kidogo, kisha inarudisha stima. Hitilafu ikiwa bado ipo, inakata tena. Baada ya majaribio matatu au manne hivi inajifunga, na lazima mtu aje kukagua laini. Nyumbani utaona taa zimezimika na kuwaka, basi.

Fyuzi haina jaribio la pili. Uzi wake ukiyeyuka, mrija unaoushikilia unafyatuka na kuning'inia juu ya nguzo, na mtaa unakaa gizani mpaka fundi afike na fimbo yake ndefu isiyopitisha umeme. Lakini ni ya bei nafuu, haihitaji betri, na ukiwa chini unaona kwa macho ni wapi pamekatika. Kwenye michepuko mifupi ya laini ningeiacha fyuzi. Rikloza ikae kwenye laini kuu.

Ila rikloza inaweza kurudisha stima kwenye waya ulioanguka barabarani. Hata ukiuona umetulia, usiukaribie, na watoto wakae mbali kabisa. Mafundi nao, kabla ya kufanya kazi karibu na laini yenye umeme, wazime kwanza huko kujirudisha. Katikati ya jiji, ambako kebo hupita chini ya ardhi, rikloza haifai: kebo ikiharibika haijiponyi, na kila jaribio linaiunguza zaidi.